Mvua ya Kindu

Kila Alhamisi nilikuwa najifunika blanketi kichwani na kuzungumza na simu. Mtu angenichungulia dirishani angesema mheshimiwa amerukwa na akili. Lakini nyumba niliyopanga Kindu, karibu na bunge la jimbo, ilikuwa imebanwa kati ya mashine ya kusagia mihogo na kanisa lenye vipaza sauti vinne, na blanketi ndiyo studio pekee niliyoweza kuipata. Ndani ya joto lile nilisoma karatasi yangu, jasho likinitiririka hadi kidevuni, kisha nikaituma sauti Kasongo kwenye redio yetu ndogo. Waliitangaza Ijumaa watu wakitoka msikitini, wakairudia Jumapili watu wakitoka misa, ili asipatikane wa kusema mbunge ana upande.

Nilianza siku zote na barabara. Daraja gani limeliwa na maji, wapi pikipiki zenye mzigo zisipite juu ya magogo mpaka yabadilishwe, kamati gani imeahidi kuja kuangalia. Halafu shule, halafu chanjo. Mwisho niliweka ushauri wa majira, na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa. Kwa hayo ya mwanzo nilikuwa naomba tu, nikingoja waziri fulani aamke vizuri. Lakini kuwaambia watu wafunge mabati yao kabla ya upepo wa mwezi wa tisa, wachemshe maji mvua za kwanza zinapoingia visimani, wasichome majani karibu na nyumba kiangazi kikiwa kikali, hilo halikuhitaji sahihi ya mtu yeyote. Nilijiona nafaa kitu.

Ng'ambo, kwenye vilima vya Kabambare ambako redio haifiki, waendesha pikipiki wanaokwenda Salamabila walibeba sauti yangu kwenye kadi za simu zao, pamoja na nyimbo na mahubiri. Ilifika ilipofika. Mara moja niliwaomba mama wa Lusangi walete watoto kwa chanjo, na ujumbe ukawafikia wakati wachanjaji wameshafunga masanduku na kuondoka. Walitembea na watoto mgongoni bure. Niliposimuliwa nilicheka, na kicheko kile kinanikera hadi leo.

Nilikuwa mpweke, acha niseme wazi. Mume wangu alikuwa amekufa kabla sijachaguliwa, binti yangu ameolewa Lubumbashi. Sebuleni nilikuwa na viti vya plastiki vya wageni, na wageni hawakukosekana: mwenye mtoto wa kutafutiwa kazi, mwenye kesi ya shamba, mwenye jeneza la kusafirisha. Walikaa, wakasema shida yao, wakaniita mama, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nimekula. Ijumaa nilikuwa nasema na wilaya mbili nzima, na Jumamosi sikuwa na wa kuniambia hata neno moja kwamba nilisikika.

Yaya wangu, kwetu yaya ni dada mkubwa, ndiye niliyemtaka aniambie. Dada yangu mkubwa alibaki Kasongo, kwenye uwanja wa wazazi wetu, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Kabambare ikipita mbele ya shamba lake. Baba alipofariki ilibidi mmoja wetu aache shule, na yeye aliacha bila kuulizwa mara mbili. Mimi nilipelekwa kwa mjomba mjini kusoma. Tangu hapo yeye ni wa jembe na mimi ni wa karatasi. Simu alikuwa nayo, ila kwake ilikuwa tochi. Redio aliitundika kwenye msumari juu ya mlango, na nilijua kwa watu wengine kwamba Ijumaa hamruhusu mtu kuigusa. Lakini kunipigia aseme nimekusikia, hakuwahi.

Kwa mambo ya udongo, mtaa mzima ulikuwa wake. Mwezi wa tisa ukifika, wanawake hawakuulizana kama mvua imeanza. Waliulizana: kwa yule mama amepanda? Yeye hakutangaza kitu. Alitoka asubuhi baada ya mvua, akachimba shimo kwa jembe dogo mpaka kifundo cha mkono, akachukua udongo wa chini, akaufinya. Ukivunjika vumbi, alirudi nyumbani akaendelea kupepeta mpunga wake. Mvua za mwanzo aliziita za kulaza vumbi. Siku udongo wa chini uliposhikana, aliteremsha mfuko wa mbegu za karanga uliokaa juu ya moshi wa jiko mwaka mzima, akapanda. Wapita njia wakaona, na kesho yake majembe yalikuwa yakilia kila uwanja.

Hayo yote niliyajua. Nimekua nayo. Na bado nilifanya nilichofanya.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kirefu, na kule Kindu, mwanzoni kabisa mwa mwezi wa tisa, mvua ilishuka siku tatu mfululizo. Mvua kweli. Ilipiga mabati hadi mashine ya mihogo ikanyamaza na kanisa likanyamaza. Alhamisi ile sikuhitaji blanketi. Niliona furaha imenishika, ile ya mtu ambaye kwa mara moja ana habari nzuri ya kuwapa watu wake. Nilisoma barabara mbiombio, nikaruka shule, nikasema, "Wapendwa wangu, mvua imefika, msinisikilize mimi, isikieni wenyewe." Nikalifungua dirisha, nikaitoa simu nje mkono ukilowa, nikaacha mabati yaseme. Kisha nikawaambia wateremshe mbegu zao na wapande karanga bila kuchelewa.

Hesabu ya mtoto wa shule ingenionya. Kasongo iko kusini, Kabambare kusini zaidi, upande wa mashariki, na mvua huchukua muda kuteremka kwetu. Lakini nilikuwa nimekaa Kindu miaka mitatu. Masikio yangu yalikuwa yamehamia bila kuniaga. Watu wa Kasongo, vumbi likiwa limewakalia kwenye nyusi, walikaa Ijumaa ile wakisikiliza mvua ya Kindu ikinyesha ndani ya redio.

Kasongo ilipata manyunyu mawili. Halafu jua, wiki tatu na zaidi.

Sikujua. Niliendelea na blanketi langu, nikatoa ushauri juu ya palizi. Aliyeniambia ni mfanyabiashara mmoja wa kwetu aliyekuja Kindu na mafuta ya mawese. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akanywa maji aliyopewa yote, akaifuta midomo taratibu.

"Muheshimiwa," akasema, "ile mvua yako uliitoa wapi?"

Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba karanga zilichipuka kidogo zikakauka, na zile ambazo hazikuchipuka zimeliwa na panya na mchwa, na kwamba kwa mtaa wetu hakuna uwanja uliobaki na mbegu.

"Na kwa yaya yangu?"

"Yaya yako ndiye alipanda wa kwanza."

Bunge lilipofunga kwa likizo nikateremka nyumbani. Safari ile nilikaa nyuma ya pikipiki siku mbili nikitunga maneno ya kuomba radhi, na kila nilipofika kwenye neno karanga nilianza upya. Nilipofika mtaani sikupigiwa kelele. Ingekuwa afadhali. Watu walinisalimia vizuri sana, wakaniletea kiti, wakaniuliza habari za Kindu. Mzee mmoja aliniomba safari nyingine niwaletee jua la Kindu pia, walinganishe. Tukacheka wote, na mimi nikacheka zaidi ya wote.

Jirani wa yaya wangu, mama anayekaa ng'ambo ya njia, alinisindikiza hadi kwenye kisima. Huyo alikuwa mtu wa kusema. Nikamwambia, "Mama, munisamehe, redio yangu iliwapoteza."

Akasimamisha ndoo. "Redio? Redio ilituambia daraja limetengenezwa, tukafika tukakuta magogo mawili. Sisi hatukupanda juu ya maneno ya redio. Tulimuona yaya yako iko napanda. Sisi tukasema, kama yeye anapanda, mvua iko njiani kweli." Akaiinua ndoo. "Sasa yeye pia amezeeka. Kila mutu anazeeka."

Nilimkuta yaya amekaa kwenye mkeka anamenya maharage. Hakuinuka. Aliniangalia miguu, iliyokuwa imejaa matope ya njia, akasema maji iko kwenye pipa. Nilinawa, nikaja nikakaa karibu naye, nikachukua maharage na mimi. Kisha nikamuuliza, ulichimba shimo?

"Nilichimba."

"Na chini?"

"Kukavu."

"Sasa juu ya sababu gani ulipanda, yaya?"

Alitupa ganda. "Ulitoa mukono inje, mvua ikaingia mu redio. Batu bote barabarani banasikia. Banatazama shamba yangu. Mimi nisipande, baseme hata ndugu yake wa tumbo moja hamuamini? Ungepita wapi, mudogo wangu?"

Nilikuwa nimekaa miaka mitatu nikimlaumu kimoyomoyo kwamba haniambii nilisikika. Kumbe alikuwa ameniambia kwa mbegu zake zote. Nililia, na yeye akasogeza sahani ya maharage isilowe.

Mwaka ulipozunguka nilisikia mengine. Watu walikuwa wamemwacha. Si kwa ubaya. Walimpa salamu, walimpelekea muhogo, lakini wa kuuliza kama kwake amepanda hakuwepo tena. Walikuwa sasa wakimtazama mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito, mtu wa kupanda kwa kalenda ya ukutani. Yaya wangu, ambaye mtaa mzima ulihesabu majira kwa mgongo wake, alikuwa amegeuka mama mzee anayelima. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo, na nilijua ni mimi peke yangu ningeweza kurekebisha. Hivi ndivyo nilivyofikiri.

Basi, kiangazi kilipokaribia kwisha, nikajifunika blanketi nikatengeneza ujumbe mzuri kuliko wote niliowahi kuutengeneza. Sikusema barabara wala chanjo. Niliwaambia watu ukweli. Kwamba mwaka uliopita nilikosea, nikachukua mvua ya Kindu nikaiita yao. Kwamba yaya wangu hakukosea. Kwamba alichimba, akakuta udongo wa chini mkavu, akajua kabisa kwamba si wakati, na alipanda kwa sababu moja tu, ili mimi mdogo wake nisiaibike. Nikasema, mumwamini tena, hakuna anayeijua ardhi yetu kama yeye. Sauti ilinikatika mwishoni na sikuirekodi upya. Mtangazaji wa redio alinipigia akasema amelia hewani. Usiku ule nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Jumapili saa tano asubuhi simu ililia. Ilikuwa namba yake. Tangu nichaguliwe hajawahi kunipigia, na niliipokea nikiwa tayari nimetabasamu.

"Nani alikutuma?" akasema.

"Yaya?"

"Nakuuliza, nani alikutuma kusema mambo yangu mu redio?"

Nikaanza kumweleza, nilitaka watu wajue hukukosea. Alinikata.

"Batu balikuwa banafikiri nilikosea. Mutu anakosea, banamusamehe. Sasa banajua nilijua." Nikasikia anavuta pumzi. "Banajua nilijua, na balipita njiani banauliza, mama, tupande? Na mimi nikanyamaza. Nikabaacha bamalize mbegu yao. Jirani yangu amekuja asubuhi hapa, amesimama mu mulango, ananiangalia tu. Hakusema kitu. Ule mama anasema siku yote."

Simu ikakatika, au aliikata.

Nilikaa kitandani na blanketi mapajani. Sikuwa nimeliona hilo hata kidogo. Nilifikiri aibu ya kukosea ndiyo iliyomlemea, kwa sababu ndiyo iliyonilemea mimi. Yeye kukosea alikuwa amekubali. Alilibeba kosa langu likawa lake, akalinyamazia, akakubali kuitwa mzee, na nyuma ya lile kosa alikuwa ameficha kitu kibaya zaidi ambacho ndugu hawezi kumtangazia ndugu. Mimi nikakifunua mbele ya wilaya mbili, na waendesha pikipiki wakakibeba hadi Salamabila.

Wiki zilizofuata nilimpigia kila siku. Simu ilikuwa imezimwa, tochi hata hiyo hakuwasha. Ijumaa nilituma ujumbe wa barabara na chanjo, bila majira. Mtangazaji akauliza, mheshimiwa, watu wanauliza ushauri wa mvua uko wapi. Nikamwambia awapigie muziki.

Mwishowe nilimpigia yule jirani. Alichelewa kujibu, na nilifikiri hata yeye amenifungia. Kisha akaanza kuzungumza juu ya mjukuu wake, na bei ya chumvi, na mimi nikamwacha. Nilipopata nafasi nikamuuliza kama mvua imefika.

"Imefika juzi. Yaya yako ameanza kupanda jana."

"Na ninyi?"

"Sisi tunangoja kidogo."

"Yeye anapanda na nani?"

"Na nani?" akasema, kama hakuelewa swali. "Peke yake."

Ilikuwa Alhamisi. Karatasi ilikuwa tayari mezani na blanketi kwenye kiti. Nilijua ningeweza kusema, wapendwa wangu, sasa pandeni, yaya wangu amepanda. Nikakitazama kinywa changu kwenye kioo cha mlangoni na sikukiamini. Niliweka kanga mbili kwenye mfuko, nikavuka mto, nikatafuta pikipiki.

Nilifika siku ya pili, jua likiwa limeanza kulegea. Sikuingia nyumbani. Alikuwa shambani, ameinama, amefunga kitenge kiunoni, na mistari aliyokwisha kupanda haikuwa hata nusu. Barabarani watu walikuwa wakipita kutoka soko, wengine na masufuria kichwani, wengine wamekaa juu ya baiskeli mguu mmoja chini, wakitazama. Hakuna aliyemwita. Jirani alikuwa mlangoni pake ng'ambo ya njia, mikono imekunjwa.

Nilivua viatu. Nilikuwa na suruali ya safari na matope hadi magotini. Nikaenda hadi mwisho wa mstari wake nikasimama.

"Yaya, nimefika."

Alininyoshea jembe dogo bila kuninyoshea macho. "Shika upande ule."

"Yaya, mimi nilitaka tu..."

"Batu banaangalia," akasema. "Panda."

Nikapanda. Sikuwa nimeshika jembe tangu nikiwa msichana. Shimo, punje mbili, funika, kanyaga kidogo, hatua, shimo. Mgongo ulianza kuniuma kwenye mstari wa kwanza, lakini sikuinuka, kwa maana nilitaka waone. Nilitaka yule mama ng'ambo ya njia aone, na wale wa baiskeli. Mbunge yuko shambani kwa yaya wake, anatia mbegu ardhini, wala hakuna redio. Nilikwenda haraka. Niliona naanza kuimudu kazi, na nilifika mwisho wa mstari nikiwa nahema, kidogo nikijivuna, nikageuka kumtafuta anione.

Alikuwa ameacha mistari yake. Alikuwa nyuma yangu, hatua chache, akinifuata kwenye mstari wangu. Mashimo yangu nilikuwa nimeyachimba marefu mno, karanga isingeweza kutoka kule. Aliingiza vidole kwenye kila shimo, akazitoa punje zangu mbili, akazipandisha juu, akafunika kwa kiganja, halafu akang'oa jani lililokuwa karibu na kulitupa pembeni. Shimo lingine, vidole, kiganja, jani. Majani yenyewe hayakuwa na haja ya kung'olewa. Kwa watu wa barabarani ilionekana anapalilia.